Ingobyi Apewe Zulaikha

Siku aliyofariki Yasini Harerimana, mimi ndiye niliyeshika kalamu. Aliniita baada ya sala ya alasiri, nami nikapita kandokando ya majaruba ya mpunga nikiwa nimevaa kilemba changu cha Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne, kwa kuwa moyo ulikwisha kujua ni ziara ya namna gani. Bonde la Bugarama lilikuwa limetulia. Vumbi jeupe la kiwanda cha saruji lilikuwa limelala juu ya majani ya migomba, na jua la jioni lilipoligusa, kila jani lilionekana kama ukurasa ulioandikwa kitu ambacho hakuna aliyepata nafasi ya kukisoma.

Nilimkuta amelazwa mkekani karibu na mlango, maana alitaka kuuona mlima. Zulaikha, binti yake wa pekee, alikuwa ameketi miguuni pake. Mkewe, Mukabera, alikuwa ametoka kuchota maji. Mzee Nizeyimana, rafiki yake Mkatoliki aliyestaafu kazi ya machimbo, alisimama kizingitini ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

Yasini alisema wasia wake kwa Kiswahili, nami nikauandika kama ulivyotoka: Msahafu wake uende msikitini, jaruba la chini lilimwe na Mukabera maadamu yu hai. Kisha sauti ikamwishia. Alipoipata tena, aliipata katika Kinyarwanda, lugha ya mama yake. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akasema, "Ingobyi muyihe Zulaikha. Azayikenera."

Nikaandika: Machela apewe Zulaikha. Ataihitaji. Nikayasoma maneno hayo kwa sauti, Yasini akafumba macho, na hakuyafumbua tena ila mara moja, kwa shahada.

Sikuwa nimesita hata kidogo. Katika vilima vyetu ingobyi ni kile kitanda cha mianzi na mafunjo kinachofungwa juu ya miti miwili mirefu, kikabebwa begani na watu wanne, mgonjwa akashushwa kutoka vitongoji vya juu ambako gari halifiki. Yasini aliongoza wabebaji wa kilima chetu kwa miaka ishirini na saba. Nimemwona akitoka kwenye futari na tende ingali mdomoni, kwa sababu mtu amekuja kupiga hodi. Hakumuuliza mgonjwa anasali wapi, wala ukoo wake. Alichouliza ni kama amekunywa maji. Nani angelisikia neno hilo kinywani mwake akafikiria kitu kingine?

Nyumbani kwake alikuwa mtu wa namna ileile. Mukabera alikuwa na mgongo mbovu, na Yasini ndiye aliyempashia maji ya kuukanda kila jioni. Yeye ndiye aliyemsuka Zulaikha nywele kabla ya kumleta kwangu madrasani, na mistari ikaenda upande kama mifereji iliyochimbwa na mlevi. Wasichana wakacheka. Siku ya pili alikuja kuniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, mstari wa nywele huanzia wapi.

Siku ya tatu baada ya maziko niliusoma wasia mbele ya wabebaji kumi na wawili. Desturi ni kwamba aliyekabidhiwa ingobyi huihifadhi nyumbani kwake, na ndiye anayeshika mti wa mbele, upande wa kulia. Tangu mababu, mahali hapo pameshikwa na wanaume.

"Mwalimu," alisema Mzee Nizeyimana, "soma tena. Pengine miwani yako iko na vumbi."

Nikasoma tena.

"Yasini alisema vile?"

"Ulikuwapo mlangoni, Mzee."

"Nilikuwa mulangoni, ndiyo, lakini masikio yangu ilibakia kule kwenye baruti ya machimbo. Weye njo ulisikia." Akamgeukia Zulaikha, akamwinamia kwa heshima ya mzaha. "Basi, kuanzia leo nitakuita Papa Zulaikha, kama mwanaume."

"Niite unavyotaka, Mzee," akajibu Zulaikha. Macho yake yalikuwa mekundu bado. "Ila ukichoka njiani, sitakubeba."

Watu wakacheka, nalo likapita. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwanamke wa mabega imara aliyelima mpunga tangu utoto. Wiki iliyofuata nikamwona akishuka na wenzake katika ukungu wa asubuhi, mti begani, na juu yake mgonjwa akielea kana kwamba anachukuliwa na ukungu wenyewe. Walipotua mzigo barabarani, Zulaikha aliweka kiganja chake tumboni, akakiacha hapo kwa muda wa pumzi mbili. Niliona. Sikulifikiria.

Familia iliniomba nitunge marthiya ya kusomwa siku ya arobaini. Nilikaa barazani pa msikiti siku nyingi na karatasi mapajani, na beti hazikuja. Vina vilikubali, mizani ilikubali, lakini Yasini mwenyewe hakuwamo. Nilikuwa na mishororo minne tu, siku mbili kabla ya arobaini, Zulaikha alipokuja akaketi mwisho wa mkeka.

"Asalaam alaykum, Mwalimu. Wasia wa marehemu unaweza kungojea?"

"Kungojea kwa muda gani?"

"Miezi sita."

Nikaiweka karatasi chini. Alikuwa akitazama viganja vyake.

"Véronique, yule muuguzi wa kituo cha afya, amenikataza kubeba kitu kizito," alisema. "Amenikataza hata ndoo."

Niliinamisha macho. Mara tatu nilikuwa nimekwenda nyumbani kwake kuomba dua kwa ajili ya mtoto ambaye hakufika. Kila mtu bondeni alijua, na hakuna aliyesema.

"Gisa anajua?" niliuliza. Gisa ni mumewe, mtu wa zamu kiwandani.

"Hajui. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kuleta kitanda kidogo. Sitaki kumuona tena akikibeba kukirudisha kwa fundi. Hakuna anayejua isipokuwa Véronique. Na Baba."

"Baba yako ulimwambia?"

"Nilimpelekea sahani ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Harufu ikanishinda, nikageuza uso. Akanitazama, akacheka kidogo vile alikuwa anacheka, akanishika mkono. Saa ileile akatuma wakuite."

Nilimwambia yale niliyoyajua. Nilimwambia kwamba dini haiwajibishi lenye kudhuru, kwamba hakuna wasia unaotekelezwa kwa kuhatarisha roho, na kwamba aishushe machela siku hiyohiyo bila kosa lolote mbele ya Mola wake.

"Hiyo najua, Mwalimu. Wewe mwenyewe ndiye ulitufundisha. Si sheria inayonisumbua." Sauti yake ilishuka. "Baba alijua hali yangu, na bado akanipa. Alikuwa mtu wa kunitwisha mzigo bila sababu? Mimi naona aliona kitu. Aliona kwamba nikiwabeba watu wake, huyu atakaa. Sasa nikiishusha, na huyu naye akaenda, nitajiambia nini?"

Nilisema kwamba nitaangalia vitabuni, nami nilijua kwamba hakuna kitabu chenye jambo hilo.

"Angalia upesi," alisema akiinuka. "Siku ya arobaini, asubuhi, tunamshusha Bibi Mukamana wa kule kileleni hadi kliniki. Na Bibi Mukamana si mwepesi."

Kesho yake niliswali dhuha, nikajinyoosha barazani, usingizi ukanichukua. Nikaota niko kule kwenye chemchemi za maji ya moto, na mvuke umeenea hadi majarubani, hata mpunga na mbingu havikutengana. Yasini alikuja akitembea juu ya maji. Hakuwa mzee wala hakuwa kijana. Mabega yake yalikuwa matupu, hayana mti, hayana alama ya mti, naye alitembea ameinama mbele kidogo kama mtu anayechunga kitu kisimwagike.

"Yasini," nikamwambia, "machela yako iko wapi?"

Akanitazama kwa huruma, jinsi alivyokuwa akiwatazama wagonjwa. "Mwalimu," akasema, "mimi sikusema machela."

Akageuka aende zake, nikauona mgongo wake. Kulikuwa na kitambaa kimefungwa, na ndani ya kitambaa kitu kidogo chenye kupumua.

Niliamka kiganja changu kikiwa juu ya kinywa. Ndoto si ushahidi, na mimi si mtu wa kuhukumu kwa ndoto. Lakini neno halikuwa la ndoto. Lilikuwa la kila asubuhi, la kila kisima, la kila mwanamke apitaye njiani: ingobyi ndiyo machela, na ingobyi hiyohiyo ndiyo mbeleko ambayo mama humfungia mtoto mgongoni. Watu wa hapa wana neno moja kwa kinachombeba ajaye na kinachombeba anayeumwa. Kiswahili kina mawili, nami nikachagua. Nilikuwa nimewasuta wanafunzi miaka arobaini kwa kuchanganya herufi zinazofanana, na penye roho mbili mbele yangu, inayoondoka na isiyofika, nilichagua bila hata kuinua kalamu.

Nikaenda kwa Mukabera. Alikuwa edani, kwa hiyo nilikaa ukumbini nje ya pazia, na jirani yake Védastine akakaa kati yetu akichambua maharage.

"Mama Zulaikha," nikasema, "binti yako alipokuwa mchanga, ulimbeba kwa kitambaa gani?"

Kisha nikasikia kicheko, kidogo, kama kitu kilichopatikana chini ya kabati baada ya siku thelathini na tisa.

"Mimi? Mimi sikumbeba, Mwalimu. Yasini njo alimbeba."

"Miezi saba," alisema Védastine. "Huyu alikuwa amelala, mugongo umekataa. Yasini anafunga mutoto mugongoni, anaingia majarubani naye. Kitenge cha kijani, chenye ndege weupe. Wanaume walimpigia miluzi kule mferejini. Hata mimi nilimucheka, Mungu anisamehe. Nilimuita Mama Yasini."

"Naye alikujibu nini?"

"Alisema, niite unavyotaka, lakini sema polepole, amelala."

Maharage yalianguka siniani moja moja.

"Kitenge hicho kiko wapi?"

"Hakikutoka nyumbani hata siku moja bila yeye," alisema Mukabera kutoka nyuma ya pazia. "Alipoingia kwa wabebaji, mti ulimchubua bega. Akakizungusha pale kwenye mti, mbele, upande wa kulia, akakifunga kwa kamba. Nilimwambia, mume wangu, hicho ni kitu cha mtoto. Akasema bega lake limekizoea."

Asubuhi ya arobaini ukungu ulikuwa mzito hata ua wa Zulaikha ulionekana kama umetengwa na dunia. Wabebaji walikuwa wamekwisha kufika. Ingobyi ilikuwa imelazwa katikati, na kwenye mti wake wa mbele, pale bega linapokaa, palikuwa na furushi jeusi la jasho la miaka ishirini na saba, ambalo kila mmoja wetu alikuwa ameliona na hakuna aliyewahi kuuliza ni la nini. Gisa alikuwa ametoka zamu wakati ule. Alisimama langoni, vumbi jeupe katika kope zake.

Nilimwita Zulaikha pembeni, nikamwambia yote kwa sauti ya chini: neno, kosa langu, kitenge. Nikamwambia pia kwamba nikilisema mbele ya watu, watu watajua sababu, na kwamba siri ni yake. Nikiagizwa kunyamaza, nitanyamaza, na aibu ya kosa nitabaki nayo mwenyewe.

Alitazama furushi lile, kisha akamtazama mumewe langoni.

"Kwa hiyo hakunitwisha," alisema.

"Hakukutwisha. Alikupa."

"Sema, Mwalimu. Sema kwa sauti, Mzee Nizeyimana asikie."

Nikasimama mbele yao na ile karatasi. Nikasema, "Ndugu zangu, niliwasomea neno ambalo Yasini hakulisema. Yeye alisema ingobyi. Mimi ndiye niliyeandika machela. Kosa ni langu, si lake, wala si la binti yake."

"Anasema nini?" aliuliza Mzee Nizeyimana.

"Anasema amekosea," mmoja akampigia kelele sikioni.

"Mwalimu? Leo njo siku."

Nikapiga magoti, nikaifungua kamba. Kitenge kilikuwa kimegandamana kama gome la mti, na kila mzunguko nilioufungua ulikuwa mwepesi na safi kuliko uliotangulia. Katika mizunguko ya mwisho rangi ilitokea, kijani cha mpunga mchanga, na juu yake ndege weupe, wazima, kana kwamba walikuwa wamelala tu. Nikamkabidhi Zulaikha. Alikipokea kwa mikono miwili, akakaa chini palepale penye umande, akakikunja kifuani.

Ua mzima ulielewa. Wa kwanza alikuwa Mzee Nizeyimana, ambaye hakuhitaji masikio kwa jambo hilo. Alivua kofia. Gisa aliingia polepole kutoka langoni, akachuchumaa mbele ya mkewe, akagusa ndege mmoja kwa ncha ya kidole, akaacha hapo alama ya vumbi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu sambaza," akajibu Zulaikha, na wakacheka wote wawili huku wanalia.

Bibi Mukamana alikuwa angali anangoja kileleni. Mzee Nizeyimana alipapasa mti ule uliobaki uchi, akakunja uso. "Huu utakula bega la muntu mbele tufike kanisani," alisema. Nikavua kilemba changu cha Ijumaa, nikakizungusha pale mara saba, nikafunga kwa kamba ileile.

"Ah, Mwalimu," alisema, "sasa mabega ya Wakatoliki itaingia peponi mbele ya vichwa vyenu."

Gisa, ambaye hakuwa amelala tangu jana, aliinama akashika mti wa mbele, upande wa kulia. Wakapanda. Ukungu uliwachukua mmoja mmoja, na kwa muda mrefu tulisikia sauti ya Mzee Nizeyimana akilalamika kwamba wanatembea upesi mno.

Mvua za Aprili zilikuwa kubwa mwaka huu. Daraja la njia yetu lilizama siku tatu, na asubuhi ya siku ya pili, jua likiwa ndiyo kwanza linatafuta tundu katika mawingu, wabebaji walimpitisha Zulaikha mbele ya msikiti. Alikuwa amelala juu ya ingobyi, uso umelowa, na chini ya kichwa chake kitenge cha ndege kimekunjwa. Gisa alikuwa mbele, bega lake juu ya kilemba changu. Nami nikawafuata nyuma kwa fimbo, nikisoma niliyoweza kuyasoma, na maji ya majaruba pande zote mbili yalikuwa yameshika mbingu, hata nikaona kana kwamba tunatembea katikati ya mbingu mbili.

"Mwalimu," alisema Mzee Nizeyimana bila kugeuka, "hii sasa ni machela ao ni mbeleko?"

Azayikenera, alisema marehemu. Ataihitaji.

Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, mikononi mwa Véronique, msichana mwenye sauti kubwa. Nilirudi msikitini, nikautoa ule wasia. Nikalikata neno machela. Mbeleko nayo nilitaka kuiandika, nikaacha. Niliandika ingobyi kwa herufi za Kiarabu, kama nilivyoisikia kinywani mwake, nikangoja wino ukauke. Marthiya imebaki mishororo minne.

Wiki chache baadaye nilipita majarubani. Gisa alikuwa amesimama kwenye maji hadi magotini, akipandikiza mpunga, na mgongoni mwake ndege weupe walipanda na kushuka kwa pumzi. Mtu mmoja kule mferejini akampigia mluzi. Gisa hakukasirika. Aliinua mkono wenye tope, akaweka kidole mdomoni.

"Polepole," alisema. "Amelala."